Unasubiri uamuzi wa mapitio ya PIP? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza na Wales ambao tayari wanalipwa PIP (Personal Independence Payment, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu), wamejaza fomu ya mapitio, yaani ya kuangalia upya malipo yao, na sasa wanangoja jibu kutoka Idara ya Kazi na Pensheni, yaani DWP. Walioko Uskoti na Ireland ya Kaskazini wana swali lao huko chini. Kama ndiyo kwanza unaomba PIP, mengi ya hapa bado hayajakuhusu.

Nimerudisha fomu, miezi inapita na sijasikia kitu. Malipo yatakatika nikiwa nasubiri?

Hayakatiki. Ukisharudisha fomu unaendelea kulipwa kila baada ya wiki 4, kiwango kilekile, mpaka uamuzi mpya utoke. Kinachowatia watu hofu ni ile tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua ya zamani. Tarehe inakaribia, uamuzi haujatoka, mtu anahesabu siku. Ikiwa mapitio hayajakamilika, DWP wenyewe huisogeza mbele tarehe hiyo, kwa kawaida kwa miezi 12, na hutuma barua ya kukujulisha.

Barua hiyo ya kuongezewa muda usiitupe. Halmashauri wakitaka uthibitisho kwamba bado unapokea PIP, au beji yako ya kuegesha gari ikikaribia kwisha, ndiyo utakayoionyesha. Na usidhani ndiyo uamuzi. Wapo wanaoisoma haraka, wakaona tarehe mpya, wakasherehekea kwamba mapitio yamepita salama. Bado. Mapitio yanaendelea, barua inasema tu kwamba hutaachwa bila malipo wakati uamuzi unasubiriwa.

Mbona yanachukua muda mrefu hivi?

Kwa sababu hakuna sheria inayowawekea kikomo cha siku za kuamua mapitio, na kwa miaka ya karibuni DWP imekuwa ikiyatanguliza maombi mapya. Anayelipwa tayari anawekwa nyuma ya yule ambaye hajapata hata senti. Mtu anaweza kukubali kwamba kuna haki fulani katika mpangilio huo na bado akaumia nao, maana kungoja zaidi ya mwaka si jambo la ajabu.

Fomu yenyewe inapita mikono kadhaa. Kwanza afisa wa DWP anaisoma na kuangalia kama anaweza kuamua kwa yaliyomo tu. Asipoweza, faili linakwenda kwa kampuni iliyopewa kazi ya kutathmini watu wa eneo lako. Huko mtaalamu wa afya anasoma karatasi, pengine anamwandikia daktari wako au anakupigia simu, na mara nyingi anakupangia tathmini. Akimaliza anaandika ripoti na kuirudisha DWP. Mtaalamu huyo haamui. Anayeamua ni afisa wa DWP, ingawa kusema kweli mara nyingi huifuata ripoti.

Kimya kirefu ni dalili kwamba wanataka kunikatia?

La. Kimya hakisemi lolote, si zuri wala baya. Faili likiwa kwenye foleni hakuna aliyelisoma.

Niwapigie simu?

Piga mara moja kuhakikisha fomu imefika, hasa kama hukupata ujumbe wa simu wa kuthibitisha. Baada ya hapo, kupiga kila wiki hakusogezi faili. Ukipiga, uliza imepokelewa tarehe gani, iko kwa DWP au imeshapelekwa kwa watathmini, na kama tarehe ya mwisho ya malipo yako imeongezwa. Andika siku, saa na jina la uliyeongea naye. Namba ya kutumia ni ile iliyo juu ya barua yako.

Kama Kiingereza kinakupa shida, sema tu jina la lugha, "Swahili", na uombe mkalimani. DWP wanamleta kwenye simu bila malipo. Mwanao anaweza kuongea kwa niaba yako ikiwa uko pembeni na umetamka mwenyewe kwamba umeruhusu. Hawatazungumza naye akipiga peke yake, labda awe amesajiliwa rasmi kukusimamia mafao.

Sikuiona barua. Au niliiona, nikaogopa kuifungua. Nifanye nini sasa?

Bahasha ya kahawia inaogopwa na wengi, na anayeiogopa zaidi mara nyingi ndiye mwenye maradhi ya akili au maumivu yanayomnyima usingizi, yaani mtu yuleyule ambaye fomu ilikusudiwa imsaidie. Usijilaumu, lakini chukua hatua leo. Kungoja kwao hakukupunguzii kitu. Ukikaa kimya wewe, malipo yanaweza kusimamishwa.

Fomu ya mapitio, AR1, hupewa mwezi mmoja kurudishwa. Kama muda haujaisha, piga simu uombe nyongeza. Wiki 2 hupatikana bila ugomvi mkubwa. Kama umeshapita, rudisha fomu hata hivyo na uambatanishe maelezo ya sababu: ulikuwa hospitali, umehama, ugonjwa wa akili ulizidi, barua ilikwenda anwani ya zamani. Sheria inawataka waangalie kama ulikuwa na sababu ya msingi, na hali yako ya afya ni sehemu ya sababu hiyo. Wakishasimamisha malipo, hilo nalo ni uamuzi unaoweza kupingwa, kama inavyoelezwa chini.

Wanaoishi nyumba za kupanga zenye mlango mmoja wa barua kwa watu wengi wahakikishe DWP wana anwani kamili, pamoja na namba ya chumba. Barua nyingi hupotelea kwenye meza ya ukumbini.

Kwenye kila swali niliandika "hakuna mabadiliko". Nimeharibu?

Hujaharibu, ila umemwachia afisa kazi ya kukisia, na ni bora usimwachie.

Fomu inauliza, shughuli kwa shughuli, kama kuna kilichobadilika na unamudu vipi sasa. Shughuli za maisha ya kila siku ziko 10: kuandaa chakula, kula na kunywa, kusimamia matibabu, kuoga, kwenda haja, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kuamua mambo ya pesa. Za mwendo ni 2: kupanga na kufuata safari, na kutembea. "Hakuna mabadiliko" maana yake ni "kama mlivyoandika safari ile". Lakini afisa wa leo si yule wa safari ile, na huenda hata pointi ulizopewa zamani, yaani alama zinazoamua kiwango chako, hazikueleza vizuri shida yako.

Chukua kuandaa chakula. Wanachopima ni mlo rahisi wa mtu mmoja, unaopikwa kwenye jiko kutokana na vyakula visivyotayarishwa. Hawakuulizi kuhusu sufuria la shughuli. Mtu mwenye baridi yabisi ya vidole anaandika "naweza kupika kidogo", na afisa anasoma neno "naweza". Maelezo yanayomsaidia ni kama haya: kisu kinaniponyoka nikikata kitunguu, siku nyingi za wiki siwezi kumenya kiazi, sufuria yenye maji siiinui kwa mkono mmoja, na mwezi uliopita maji ya moto yalinimwagikia mguuni, kwa hiyo binti yangu anakata na kumwaga maji, mimi nakoroga nikiwa nimekaa. Hapo afisa anamwona mtu anayehitaji msaada wa mwenzake. Kifaa peke yake kina pointi 2, kusaidiwa au kusimamiwa kuna pointi 4.

Kipimo chenyewe ni hiki, na kishike hata kama utasahau mengine yote. Ili wahesabu kwamba unaweza jambo, uwe unaliweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaotumia mtu asiye na ulemavu. Tena iwe hivyo katika zaidi ya nusu ya siku zote, si siku moja moja. Anayeoga mwenyewe lakini analala saa mbili baada ya kuoga kwa uchovu, haogi "mwenyewe" kwa maana ya PIP.

Kwa hiyo kama fomu imeshakwenda na majibu mafupi, andika barua ya nyongeza. Weka jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya bima ya taifa kila ukurasa, eleza zile shughuli zinazokushinda, na itume kwa anwani ileile. Baki na nakala. Kama una barua mpya ya kliniki, orodha ya dawa kutoka kwa daktari wa familia, au maelezo ya mtu anayekuhudumia nyumbani, viambatanishe. Maelezo ya huyo wa nyumbani yanadharauliwa na wengi, lakini yeye ndiye anayeona saa tisa usiku. Daktari anakuona dakika chache ukiwa umevaa na umekaa.

Hali imezidi kuwa mbaya nikiwa nangoja. Niseme au ninyamaze?

Una wajibu wa kuwaambia mabadiliko, yawe ya kupona au ya kuzidiwa. Kama mapitio hayajafika mwisho, kwa kawaida wanayaingiza humo humo. Piga simu ili tarehe iandikwe, kisha tuma ushahidi. Elewa kwamba wataangalia kila kitu, si kile kipya peke yake, na kiwango kinaweza kupanda au kushuka. Kama una shaka, zungumza na mshauri wa Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) au wa kituo cha sheria kabla ya kupiga. Shida iliyozidi pia inatakiwa iwe imekaa miezi 3 na itarajiwe kuendelea kwa miezi 9 mbele. Mguu uliovunjika utakaopona kabla ya hapo hauhesabiki.

Kulazwa hospitali ni habari nyingine: PIP husimama baada ya siku 28 ukiwa wodini kwa gharama za huduma ya afya ya taifa, na hurudi ukitoka. Watoe taarifa walio karibu nawe kama wewe huwezi.

Nimepangiwa tathmini ya simu. Nijiandae vipi?

Hapa ndipo adabu zetu zinapotugharimu. Mtathmini anaanza: hali yako leo? Mtu wetu, hata akiwa kitandani, anajibu salama, nashukuru Mungu, sijambo kidogo. Tumelelewa hivyo, huwezi kuanza maongezi na mgeni kwa kulalamika. Naye anaandika: amesema anaendelea vizuri. Basi mjibu salamu, kisha ongeza palepale jinsi siku ilivyokuwa: nimeamka saa kumi alfajiri kwa maumivu, sijaoga kwa sababu mume wangu bado hajarudi kazini, na nikimaliza simu hii nitalala. Si kulalamika huko, ndilo jibu la swali.

Maswali mengine yanaonekana ya porojo. Unaendesha gari? Unapenda kutazama nini? Nani anakwenda dukani? Kila jibu linageuzwa kuwa uwezo. Anayesema "naendesha" anaweza kuandikiwa kwamba ana nguvu za mikono na akili inatulia. Sema unaendesha mara ngapi, umbali gani, gari la aina gani, na nini kinafuata ukishuka. Kuhusu kutembea, wanataka mita. Asiyeweza kuvuka mita 20 ana pointi 12, anayefika kati ya 20 na 50 ana 8 au 10 kulingana na kama anatumia kifaa, na anayefika kati ya 50 na 200 ana 4. Pima njia ya kutoka mlangoni kwako mpaka mahali unapolazimika kusimama, ili usibahatishe kwenye simu.

Mkalimani omba mara tu tarehe inapotajwa, usingoje siku yenyewe. Mtoto mdogo asitumike kabisa. Hata mtoto mkubwa ana kikwazo chake: kuna maswali ya haja kubwa na ndogo, ya kuosha sehemu za siri, ya hedhi. Mama akiwa na mkwewe wa kiume pale sebuleni atasema "hapo sina shida", na pointi zitakwenda na aibu yake. Panga nani awe chumbani. Unaruhusiwa kuwa na mtu wa kukusaidia, na unaweza kuomba mazungumzo yarekodiwe, ilimradi uombe mapema.

Ukishindwa kuhudhuria, piga simu kabla ya saa ya tathmini. Kukosa bila sababu ya msingi kunaweza kusimamisha malipo.

Naweza kuiona ripoti kabla ya barua ya uamuzi?

Unaweza. Siku chache baada ya tathmini piga DWP uombe nakala ya ripoti, hawakutozi kitu. Ukikuta kosa la wazi, kwa mfano wameandika unaishi na mke ilhali ni mjane, au wametaja mguu usio ndio, waandikie mara moja. Si lazima wasubiri, lakini barua ya mapema ni bora kuliko malalamiko ya baadaye.

Uamuzi unaweza kuwa wa namna gani, na ni pesa kiasi gani?

Kubaki vilevile, kupanda, kushuka, au kusimama kabisa. Kila sehemu ya PIP inahesabiwa peke yake: pointi 8 hadi 11 ni kiwango cha kawaida, 12 na zaidi ni kiwango cha juu. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 maisha ya kila siku yalikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki, na mwendo pauni 29.20 au 77.05. Viwango huongezwa kila Aprili, basi tazama barua yako ya karibuni. PIP haikatwi kodi na haiangalii mshahara wala akiba, kwa hiyo kupata kazi peke yake si sababu ya kuipoteza.

Wakishusha, nitadaiwa nirudishe za miezi niliyokuwa nasubiri?

Kwa kawaida hapana. Kiwango kipya cha chini kinaanza uamuzi unapotolewa, na ulichokula wakati wa kungoja ni chako. Deni linatokea pale wanapoona ulipona au hali ilibadilika na ulificha. Ndiyo sababu ya kutoa taarifa mapema na kuweka kumbukumbu ya simu ulizopiga.

Uamuzi umekuja, siukubali. Nini kinafuata?

Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua kuomba DWP waangalie upya uamuzi wao. Ni hatua ya lazima, huwezi kuiruka ukaenda kwa hakimu. Unaweza kuomba kwa simu, lakini fuatisha maandishi. Ukichelewa kwa sababu nzuri, wanaweza kukupokea hadi miezi 13. Usiandike "mmenionea". Andika shughuli, pointi walizotoa, pointi unazostahili, na kwa nini, ukitumia kile kipimo cha usalama, kiwango, kurudia na muda.

Wengi hujibiwa kwamba uamuzi umebaki ulivyo, na wengi huishia hapo wakidhani mlango umefungwa. Hapo ndipo nisingewashauri wasimame. Hatua ya pili ni rufaa kwenye baraza la mahakama lisilo chini ya DWP, nayo pia ina mwezi mmoja tangu tarehe ya jibu la DWP la kuangalia upya. Hakuna ada. Wanaokaa ni watatu: hakimu, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa huishia kwa upande wa mlalamikaji. Chagua kusikilizwa ana kwa ana, kwa simu au kwa video, usiache wasome karatasi tu, kwa sababu anayeonekana na kusikika hufanya vizuri zaidi. Baraza linakuletea mkalimani bila malipo ukitaja kwenye fomu ya rufaa.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. Baraza linaangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi, si ilivyo leo, kwa hiyo ugonjwa ulioanza baadaye hautasaidia. Na baraza lina uwezo wa kushusha pia. Kama ulipata sehemu fulani na unataka zaidi, pata ushauri kwanza.

Wakati wote huo unalipwa kile uamuzi mpya ulichotoa, na kama ni sifuri basi ni sifuri. Ukishinda, unalipwa malimbikizo tangu siku ya uamuzi uliopingwa.

PIP ikishuka, vingine vitaathirika?

Ndiyo, na hili huwashtua watu kuliko PIP yenyewe. Anayekuhudumia saa 35 kwa wiki na kupokea posho ya mlezi, anaipata kwa sababu wewe una sehemu ya maisha ya kila siku. Ikisimama yako, ya kwake inasimama. Familia iliyokuwa imesamehewa kikomo cha mafao, yaani ukomo wa jumla ya mafao ambayo nyumba moja inaweza kupata, inaweza kurudishwa kwenye kikomo hicho. Msamaha wa ushuru wa barabara unafuata sehemu ya mwendo, kamili kwa kiwango cha juu na nusu kwa cha kawaida. Gari la Motability, mpango wa kukodisha magari kwa wenye ulemavu, linahitaji kiwango cha juu cha mwendo, na ukikipoteza kuna muda wa wiki kadhaa tu wa kulirudisha, basi wasiliana nao siku hiyohiyo ya barua. Blue Badge, ile beji ya kuegesha gari, haifutwi papo hapo, na inaweza pia kutolewa na halmashauri kwa vigezo vingine hata bila PIP.

Naweza kusafiri kwenda nyumbani nikiwa nangoja?

Unaweza. PIP inaendelea kulipwa hadi wiki 13 ukiwa nje kwa muda, au hadi 26 kama umekwenda kwa ajili ya matibabu. Safari ya zaidi ya wiki 4 lazima uwaarifu kabla. Hatari ya kweli iko mlangoni: barua ya tathmini inaingia, wewe uko Tanga msibani, tarehe inapita. Mwachie mtu ufunguo na ruhusa ya kufungua bahasha za DWP, akupigie picha kila ukurasa.

Nimemwombea mwenzi wangu viza. Mapitio yanahusika vipi?

Yanahusika sana. Anayepokea PIP hapimwi kwa kile kiwango cha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kilichoanza Aprili 2024; anatakiwa aonyeshe tu kwamba familia itatunzika bila msaada zaidi wa serikali. PIP ikisimama, msamaha huo unaweza kuondoka nayo. Kama mapitio na maombi ya viza yanakaribiana, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote, na usimtegemee mtu wa kikundi cha WhatsApp.

Nasikia mtu asiye na pointi 4 kwenye shughuli moja atakatiwa. Ni kweli?

Serikali ilipendekeza hivyo Machi 2025, na ilikusudia kuanza Novemba 2026. Wabunge wake wenyewe waligoma, na kifungu hicho kikaondolewa kwenye muswada Julai 2025. Badala yake waziri Stephen Timms alipewa kazi ya kuipitia tathmini nzima ya PIP. Zile sauti zinazosambazwa zikisema "kuanzia mwezi ujao wote mnakatiwa" ni mabaki ya pendekezo lililokwisha kuondolewa. Mapitio yako yanaamuliwa kwa sheria iliyopo.

Niko Uskoti. Niko Ireland ya Kaskazini.

Uskoti walianzisha malipo yao, Adult Disability Payment, nchi nzima Agosti 2022, na yanasimamiwa na Social Security Scotland. Pointi zinafanana, mwenendo ni tofauti. Unapopinga uamuzi una siku 42, na wakikushushia unaweza kuomba msaada wa muda unaofidia pengo wakati shauri linaendelea, ambao hurudishi hata ukishindwa. Waingereza wangefaa kuiga hilo. Ireland ya Kaskazini wana PIP, lakini chini ya idara yao wenyewe, Department for Communities, basi usipige namba za DWP za Uingereza.

Nakaribia umri wa pensheni. Nitaendelea kulipwa?

Utaendelea ikiwa ulikuwa unalipwa kabla ya kufikia umri huo. Ila sehemu ya mwendo haiwezi kuongezwa tena baada ya hapo, hata miguu ikizidi kudhoofika. Kwa aliye na miaka 65 na mapitio mezani, huu ndio wakati wa kueleza kutembea kwa ukamilifu.

Nimengoja mno. Nani anaweza kuwasukuma?

Anza na malalamiko rasmi DWP, kwa maandishi, ukitaja tarehe fomu ilipopokelewa na madhara ya kucheleweshwa: mlezi anataka kuacha kazi, daktari ameongeza dawa ya wasiwasi, mkataba wa gari unakwisha. Pasipo jibu la maana, mwandikie mbunge wa eneo lako. Si lazima uwe raia wala mpiga kura, inatosha kuwa unaishi kwenye jimbo lake. Ofisi za wabunge zina njia yao ya kuuliza DWP, na faili lililolala huwa linaamka. Usifanye hivyo katika mwezi wa pili, ukakosa pa kukimbilia mwezi wa kumi na nne.

Uamuzi umetoka, malipo yamebaki vilevile. Nitaitwa tena lini?

Tazama ukurasa wenye tarehe. Baadhi hupewa miaka michache. Wenye hali isiyotarajiwa kubadilika hupewa malipo ya kuendelea na kuguswa kidogo tu baada ya takriban miaka 10. Fomu inayofuata inaweza kuja hadi mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Weka kwenye faili moja nakala ya AR1 uliyojaza, ripoti ya mtathmini na barua ya uamuzi yenye pointi, na kila barua ya kliniki ikija itie humo humo. Anayehama nyumba awape DWP anwani mpya wiki hiyohiyo, hata kama hakuna mapitio yoyote yanayoendelea.